Mgebuka Aingie Sebuleni: Pilau, Ugali wa Muhogo na Mgeni wa Sikukuu Kigoma

Kigoma Mjini, Ujiji na hata Kasulu, mgeni wa sikukuu anajua atakachokuta mezani: pilau, nyama, kachumbari, ndizi mbivu au tikiti, na soda. Akipita uani kwenda msalani huenda akaona sufuria nyingine jikoni, imefunikwa, ndani yake migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, waliopikwa kwa mawese, na pembeni ungo wa unga wa muhogo uliokwisha kuchekechwa. Hicho ni chakula cha wenyewe, watakila jioni wageni wakishaondoka. Mama mwenye nyumba akiulizwa kwa nini hakukileta sebuleni, atashangaa swali lenyewe: "Nimpe mgeni ugali siku ya Idi?"

Jibu hilo lina sababu zake, na nitazitaja bila kuzipunguza. Lakini limeenea kiasi kwamba halijadiliwi tena, na matokeo yake tunayaona kila Desemba na kila Idi. Mtu anatoka Dar es Salaam kwa treni au basi, safari ya kuchosha viungo, anakuja kula sikukuu kwao, na anawekewa kilekile alichokiacha Kariakoo. Siku ya kuondoka anafungiwa dagaa na dumu la mawese, akapike mwenyewe huko aendako. Chakula chetu tunampa mtu akiwa na begi mkononi, na tunakificha akiwa ameketi nasi. Sioni kama hiyo ni heshima kwa mgeni, na kwa mpishi ndiyo kabisa si heshima.

Tuanze na pilau, maana wanaoitetea wana hoja ambazo wapenda mgebuka huzipita mbio. Mapishi ya pwani si mageni Ujiji. Misafara ilikuwa ikifika pale kabla ya wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke kuufikia mji huo mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, mji ulikuwa na watu wa pwani wenye nyumba zao, misikiti yao na wali wao. Anayesema pilau imeletwa juzi na watu wa Dar es Salaam anakosea. Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914, na wakati huo mapishi ya mchele yalikuwa yamekwisha kukaa Ujiji zaidi ya nusu karne. Mzee wa Ujiji anayekuambia kwamba kwao Idi ni pilau anasema kweli, naye ana haki ya kuiita ya kwao.

Tena pilau inamfaa mgeni wa Idi kwa namna ambayo chakula kingine hakiiwezi. Mgeni huyu haalikwi, anapita. Baada ya swala watu wanazunguka nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba hajui kama watakaobisha hodi ni wanne au kumi na wanne. Kilo moja ya mchele mkavu inatoa sahani saba au nane za mtu mzima kushiba. Kwa hiyo kilo tano za mchele kwa kilo tatu za nyama yenye mifupa zinawatosha watu thelathini na tano hadi arobaini, na wakizidi, kila sahani inapunguzwa kijiko na hakuna anayeona. Ukishaiivisha, ukapunguza moto chini na kupalia makaa machache juu ya mfuniko, inakaa na joto lake mpaka alasiri. Makosa yake yanajulikana na kila mpishi: mchele ulio mpya kutoka shambani unataka kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kikombe cha mchele, na ukiupa vikombe viwili kama mchele uliokaa, unalowa na kushikana. Vitunguu visipokaangwa mpaka vikawa kahawia ya kukolea, pilau inatoka nyeupe hata uiongezee bizari vipi. Basi. Hayo mtu anajifunza mara moja.

Ugali wa muhogo hauna subira hiyo. Ukitoka jikoni una dakika ishirini, ukijitahidi thelathini, za uzuri wake: laini, unavutika kidogo, unakatika kwa vidole bila kung'ang'ania. Ukipoa, wanga unakaza na tonge linakuwa la kuvutana nalo. Ukiuweka kwenye hotpoti unatoa jasho. Mvuke unagonga mfuniko, unarudi maji, na juu ya ugali panakuwa na utelezi ambao hakuna anayependa kuugusa. Ukirudishwa motoni haurudi ulivyokuwa. Mgeni wa saa nne na mgeni wa saa kumi hawawezi kula ugali mmoja.

Iko na hoja ya mpishi mwenyewe, na hii ndiyo inayostahili kusikilizwa kuliko zote. Anayepika pilau anamaliza saa nne, anaoga, anavaa nguo yake mpya, anakaa na wageni. Anayesonga ugali kila wageni wanapoingia hakai na mtu yeyote. Anashinda jikoni, jasho na moshi, na sikukuu inampita akiwa na mwiko mkononi. Wanawake wengi waliohamia kwenye pilau hawakufanya hivyo kwa kuudharau ugali. Walitaka nao washerehekee. Mwanamume anayelalamika kwamba mila zinapotea, na hajawahi kusonga ugali wa kilo mbili, hana la kumwambia mama huyu.

Lipo na doa. Mawese ni mekundu, na Idi ni siku ya kanzu nyeupe na magauni mapya ya watoto. Tone moja la mchuzi kifuani linaonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Mtoto aliyechafua nguo ya Idi kabla ya kwenda kupiga picha ni mtoto aliyeharibikiwa na siku.

Hizo ndizo hoja za pilau, na zote ni za jikoni na za siku yenyewe. Ndiyo maana nasema zinajibika. Ile hoja nyingine, kwamba ugali na mgebuka ni chakula cha kila siku hivyo kumpa mgeni ni kumshusha, ndiyo isiyosimama. Katika nyumba nyingi za mjini leo, cha kila siku ni dagaa, maharage na sombe, yaani kisamvu. Mgebuka mbichi, mnono, wa ukubwa wa kumtosha mtu mzima peke yake, ananunuliwa kwa kupangiwa. Unga wa muhogo mchungu ulioandaliwa ipasavyo nao si kitu cha haraka: muhogo umemenywa, umelowekwa siku tatu hadi tano mpaka ukalainika na sumu yake ya sianidi ikapungua, ukaanikwa mpaka ukakauka kabisa, ukatwangwa au kusagwa, ukachekechwa. Ukiujumlisha muda, sahani ya ugali wa muhogo imefanyiwa kazi wiki nzima kabla ya kufika mezani, na sahani ya pilau asubuhi moja. Nani kasema cha kwanza ndicho cha ovyo?

Na mawese ndiyo ya kushangaza zaidi. Tangu 2018 mchikichi, mti unaotoa mawese, unasukumwa na serikali kama zao la mkakati, na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kipo hapahapa mkoani kikizalisha mbegu bora. Viongozi wakija wanapelekwa kuuona mche. Kisha wanakaribishwa chakula, na kilichopikwa kwa mafuta ya mche huo hakipo mezani.

Lakini kuna jambo ambalo watetezi wa pilau hawalihesabu, nami naona linabeba uzito kuliko yote niliyoyataja. Jambo hilo ni mwezi. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawakusanya dagaa, na mgebuka anawafuata dagaa kuwala, basi vipe, yaani vyombo vya uvuvi wa taa, vinainua nyavu vikiwa na wote wawili. Hilo linawezekana usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga unatapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu tena, dagaa hawakusanyiki, na vyombo vingi vinabaki ufukweni watu wakishona nyavu. Kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga kila mtu, hata muuza chai wa mwaloni, anajua giza linaanza lini na linaisha lini, kwa sababu mfuko wake unafuata hesabu hiyo.

Sasa Idi el-Fitri ni mosi Shawwal, siku ya kuandama mwezi. Haiwezi kuangukia mbalamwezi. Iwe masika, iwe kiangazi, mwaka wowote ule, Idi el-Fitri inakuta giza la uvuvi, kwa sababu mwezi mchanga unazama muda mfupi baada ya magharibi na ziwa linabaki jeusi mpaka alfajiri. Hata kama wavuvi wengi Waislamu hawaingii ziwani usiku wa kuamkia sikukuu, usiku wa kabla yake, na wa kabla ya huo, ulikuwa giza vilevile. Yaani kalenda ya sikukuu kubwa ya watu wa mwambao wa ziwa imefungwa pamoja na kalenda ya neema ya ziwa lao. Siku za mwisho za Ramadhani ndizo siku ambazo mwaloni kuna uwezekano mkubwa wa kupata mgebuka mbichi, aliyenona kwa dagaa. Na ndizo siku ambazo foleni ya mchinja ng'ombe inazunguka kona na bei ya nyama iko juu. Tunapishana na samaki walioletwa mlangoni ili tukagombee nyama ya ng'ombe aliyeswagwa kutoka mbali.

Krismasi haina bahati hiyo. Inabidi kuangalia mwaka. Krismasi ya 2023 ilikuta mwezi umebakiza siku mbili uwe mpevu, usiku kucha ni mwanga. Ya 2024 ilikuta mwezi unakwisha, kipande kinachotoka usiku wa manane, na uvuvi ulikuwa unarudi. Ya 2026 mwezi unapevuka tarehe 24 Desemba, mkesha wenyewe. Anayetaka migebuka wa Krismasi hiyo asingoje wiki ya sikukuu, maana atauziwa walioletwa na barafu kwa bei ya kulia. Anunue kwenye giza la wiki ya pili ya Desemba, siku mwezi usipoonekana kabisa, tarehe 9, na zile zinazofuata, awakaushe kwa moshi. Mgebuka aliyekaushwa vizuri, mkavu mpaka kwenye uti, anafika Krismasi bila shida akitundikwa jikoni penye hewa. Siku ya kupika analowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa robo saa, anatolewa vumbi la moshi, na anaingia kwenye mawese. Ladha yake ni nyingine, nzito zaidi, na wapo wasiotaka mbichi wakishamwonja mkavu.

Faida nyingine ya samaki haisemwi sana kwa sababu ya adabu, nami nitaisema. Kigoma ni mkoa wa watu waliochanganyika: Waislamu, Wakatoliki, Waanglikana, Wasabato, na katika ukoo mmoja utawakuta wote. Nyama ikiwekwa mezani, swali la nani amechinja lipo hata lisipotamkwa. Wakristo wengi huku wanamwita Mwislamu awachinjie mbuzi wa Krismasi ili jirani ale kwa amani, na hiyo ni adabu nzuri isiyopaswa kupotea. Lakini nyama ya kununuliwa buchani jioni ya mkesha, au kuku aliyechinjwa na kijana wa nyumbani kwa haraka, inamweka mgeni pabaya. Anakula huku ana wasiwasi, au anasingizia ameshiba. Samaki hana swali hilo. Na mgebuka ana magamba, kwa hiyo Msabato asiyekula kambare anamla bila kuuliza. Sahani moja inayoliwa na kila aliyeingia mlangoni, bila mtu kutazamwa, kwangu hiyo ni sahani ya heshima kuliko ile yenye nyama nyingi.

Tuje jikoni, maana hoja za pilau zilikuwa za jikoni na majibu yake yako hukohuko.

Migebuka wabichi wanunuliwe asubuhi na wasafishwe kabla ya adhuhuri. Huyu ni samaki wa mafuta na tumbo lake limejaa dagaa. Akikaa na matumbo kwenye joto, tumbo linapasuka na uchungu wa nyongo unaingia kwenye mnofu. Matamvua yawe mekundu, tumbo gumu ukilibonyeza. Wa kawaida wa sokoni ana urefu wa kama sentimita thelathini. Mkate vipande viwili au vitatu vikubwa, uti ukiwa umebaki ndani. Wanaomkata vipande vidogo ili watoshe watu wengi ndio wanaoharibu, kwa sababu miiba inatawanyika, na mgeni mzee asiyeona vizuri anakula kwa hofu. Paka chumvi na ndimu kidogo, acha nusu saa, kisha wakaushe juu ya wavu wa makaa au wakaange juujuu ili wasivunjike.

Mawese yaonjwe kabla ya kununuliwa: yaliyokaa sana yanakwaruza koo. Kwa migebuka kumi na tano hadi ishirini, nusu lita inatosha. Yapate moto wa wastani mpaka povu litulie, kama dakika tatu hadi tano, maji yaliyomo yaishe. Yasifike kutoa moshi. Mawese yaliyotoa moshi yanapoteza wekundu, yanaacha uchungu, na hapo ndipo wengi wanaposema hawapendi mawese, kumbe hawapendi mawese yaliyoungua. Vitunguu vinne, nyanya nane au kumi zilizoiva, pilipili nzima isiyopasuliwa, maji kidogo sana. Samaki wakiingia, mwiko utoke. Sufuria inashikwa masikio na kutikiswa; ukikoroga umepata mchuzi wenye miiba. Moto mdogo, robo saa, tayari. Kwa watu wa Kasulu na Kibondo, ambako kuna baridi na mafuta huganda midomoni, sehemu moja ya alizeti kwa mbili za mawese inasaidia bila kuua ladha. Mchuzi huu unapikwa asubuhi pamoja na pilau na unangoja vizuri tu. Kwa kweli saa moja baada ya kuepuliwa ndipo unapokuwa umekolea.

Kwa hiyo kinachobaki ni ugali peke yake, na ugali unataka saa. Mwenye nyumba atangaze, kwa mdomo na kwa simu, kwamba ugali wa sikukuu ni saa saba mpaka saa tisa. Anayepita asubuhi anakuta pilau au vitafunio. Anayetaka mgebuka anajua wakati wake. Hilo tu linaondoa kushinda jikoni. Ndani ya saa hizo mbili unasongwa mikupuo miwili au mitatu midogo, kilo moja ya unga kila mkupuo, kwa lita moja na nusu hivi ya maji, na unawatosha watu watano au sita. Maji ya mkupuo unaofuata yawe yanachemka kwenye jiko la pili. Unga wa muhogo unamwagwa kwa pamoja na kusongwa kwa nguvu. Ukiumwaga kidogo kidogo kama sembe unatengeneza madonge yenye moyo mweupe mkavu. Umeiva pale weupe wa unga unapopotea na donge lote linapata mng'ao. Mwiko ulowekwe maji kabla ya kupakua. Kitambaa kikavu chini ya mfuniko wa hotpoti kinanyonya ule mvuke na kuupa ugali dakika kumi zaidi.

Na mkono wa kusonga si lazima uwe wa mama. Kilo moja ni kazi ya dakika kumi na tano. Vijana wa kiume wanaokaa barazani wakisubiri kuitwa kula wanaweza kupokezana, mkupuo mmoja kila mmoja, na hakuna atakayekosa sikukuu. Hili nalisema kwa uzito wote, maana bila hilo hoja ya akina mama wa pilau inabaki imesimama, na mimi siko tayari kumrudisha mtu jikoni siku nzima ili niweze kujisifia mila.

Doa la mawese nalo lina dawa. Mchuzi uwe kwenye vibakuli vidogo, kila mlaji chake, usimwagwe juu ya sahani. Leso mapajani kwa wenye kanzu. Likishaingia kwenye nguo, lifuliwe kwa sabuni mapema na lianikwe juani, doa likitazama jua. Wekundu wa mawese unapauka kwa jua, na mara nyingi mwaniko wa pili doa limekwisha. Wanaofua na kuanika kivulini ndio wanaobaki nalo.

Adabu ya kuandaa inabadilika kidogo samaki akiingia sebuleni. Birika na beseni vipite mara mbili, kabla na baada, kuanzia kwa aliye mkubwa kuliko wote. Ya pili iwe maji ya vuguvugu na sabuni na kipande cha ndimu, kwani mtu hataki kushikana mikono ya heri ya Idi akinuka samaki. Wazee wapewe kipande cha katikati, penye mnofu mnene na miiba michache, wala wasiachiwe kujichagulia kwenye sinia la pamoja. Watoto wadogo wachambuliwe na mtu mzima. Kama nyumba ni ya kujihudumia kwenye foleni, mgebuka asiwekwe kwenye foleni: mtu aliyesimama na sahani mkononi hawezi kuchagua kipande vizuri, na mchuzi utaishia kwenye sakafu na nguo za watu. Samaki anapelekwa mgeni aliko. Foleni ibaki ya pilau.

Maana pilau inabaki. Sisemi ifutwe. Kwa wageni thelathini ninavyoona mimi, kilo tatu za mchele badala ya nne, kilo mbili za nyama badala ya mbili na nusu, kilo tatu za unga wa muhogo, na migebuka kumi na tano hadi ishirini vinatosha watu kula na kusaza. Wapo wageni ambao tumbo lao halizoei mawese, na wa bara ambao hawajawahi kula ugali wa muhogo na wanaona unanata, hao wasisukumwe. Kumwambia mgeni "onja tu" mara tatu ni kumtesa. Mara moja inatosha, kisha aachwe na pilau yake kwa amani.

Na siku moja katika mwaka sina hoja kabisa. Idi ya Kuchinja ni ya nyama, kwa ibada: inaliwa, inagawiwa, na haifai kuipoza kwa samaki. Tena mwezi siku hiyo una siku kumi, mwanga umeshakuwa mwingi, na mwaka 2024 iliangukia tarehe 17 Juni, katikati ya miezi mitatu ya kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei hadi 15 Agosti, kufungwa kulikokubaliwa na nchi nne zinazopakana na ziwa. Mwenye kutaka mgebuka wakati kama huo anamnunua kwa njia zinazoliua ziwa, na asimpe mgeni samaki wa namna hiyo.

Inabaki sahani ya jirani. Pilau inafunikwa kawa, inabebwa na mtoto, inafika bado moto. Ugali ukibebwa hivyo unafika umekaza, na ndiyo sababu nyingine watu wanaona haya kuupeleka. Usipelekwe. Peleka pilau kama kawaida, na bakuli la mgebuka au dagaa wa mawese pembeni, na nusu kilo ya unga wa muhogo mkavu kwenye mfuko. Jirani atasonga mwenyewe saa itakayomfaa, ule wa moto, na watoto wake watakula jioni wageni wake nao wakishaondoka.